Doa

Alikuja dukani Ndia Kuu saa tano za asubuhi,
picha kaifunga kwa gazeti, na gazeti kwa leso ya mkewe.
"Babu wa babangu," akasema, "yule mwenye kofia.
Shaushi wa keya."
Nikaifungua. Ilinuka kafuri na mende.

Maktau, elfu moja mia tisa na kumi na sita.
Nyuma, kwa wino uliochakaa ukawa kama chai ya rangi,
mtu kaandika jina la mzinga na uzito wake,
jina la kapteni,
jina la nyumbu wa kapteni, Rozi,
kisha: na wapagazi.

Hao wapagazi ni saba, au sita na kitu.
Mzinga umepandishwa mlimani nusu ya njia,
mdomo waelekea Taveta, kwa Mdachi.
Shaushi kasimama kando yake, kifua mbele;
vifungo vyake vinane naweza kuvihesabu.
Lenzi ilimpenda. Hakupepesa.

"Kazi ni ndogo," mteja akasema. "Hiyo mikunjo,
na hili doa hapa karibu na gurudumu, litoe.
Twataka kuitundika sebuleni kabla ya harusi."

Alipoondoka nikailaza kwenye skana.
Mwanga ukapita chini yake polepole
kama mtu atafutaye sindano mkekani.
Nikalikuza doa mara nne, mara kumi na sita.
Doa lina mguu.

Mguu mmoja, wa kushoto,
nao ni safi kuliko kitu chochote pichani:
vidole vimepanuka vikiuma changarawe,
ukucha wa gumba haupo,
kisigino funza wamekitoboa kama chujio.
Juu ya goti mtu anaanza kupotea.
Kiuno ni moshi. Kichwa ni pale tu anga lilipochafuka.
Alitikisika. Wenziwe waliambiwa tulieni, wakatulia;
yeye labda alikohoa, labda nzi,
labda kuna aliyemwita kwa nyuma
kwa lile jina ambalo halikuandikwa.

Ningeweza kumbunia. Mwadzombo, tuseme, wa Vanga,
ambako mpaka ulipigwa kwa rula
muhogo wake ukabaki kwa Mwingereza
na kaburi la mamake likaangukia kwa Mdachi.
Ningempandisha gari moshi hapa hapa mjini
na kibati cha namba shingoni.
Lakini huo ungekuwa uongo wangu,
na picha tayari ina wa kwake.

Bibi yangu, Kibokoni, hakujua kwamba Kariakoo ni soko.
Kwao, akisemwa fulani kaenda kariakoo,
sahani yake ilioshwa, akapewa mwengine.

Nikaanza kazi. Niliazima anga kutoka pembeni
nikampaka hadi begani.
Si kazi ngeni: nimefuta mavi ya mende,
nimefuta ndevu, nimefuta hata mke wa kwanza
kwenye picha ya mume, na sikulala njaa.
Nilipofika mkononi nikasita.

Mkono wake umeshika spoki ya gurudumu.
Mlima unashuka kuja upande wetu.
Chini ya gurudumu hakuna jiwe, hakuna kabari.
Nimetafuta. Nimeongeza mwanga, nimepunguza.
Ni huo mkono,
na ule mguu.

Nikamrudishia bega lake.

Mteja aliporudi Jumanne nilimwonyesha kwenye kioo.
"Nikimtoa huyu," nikamwambia,
"mzinga utamshukia babu yako."
Akacheka.
Kisha akaivuta picha yenyewe karibu na macho,
akaweka kidole gumba juu ya doa,
akakiondoa,
akakiweka tena.
Nje, kijana wa mkokoteni wa maji
alikuwa akiomba njia, hapewi.

"Harusi ni Ijumaa," akasema,
kidole bado kiko pale pale.